Prosesa Inapokataa Kuongezwa Kasi

Kuovakloki prosesa ni kuifanya ipige kwa kasi iliyo juu ya ile iliyopangwa na kiwanda. Kasi hiyo hutokana na namba mbili zinazozidishwa: mpigo wa msingi, ambao katika prosesa nyingi za Intel tangu 2011 ni megahazi 100, na kizidisho. Core i5-4570, kwa mfano, hupiga gigahazi 3.2 kizidisho kikiwa 32, na kikipanda hadi 36 inafika 3.6. Anayetaka zaidi ya hapo ana njia mbili tu, ama ainue mpigo wa msingi, ama ainue kizidisho. Tatizo linalochambuliwa hapa ni la mtu aliyeinua mojawapo, akahifadhi mpangilio, akawasha upya, akakuta kompyuta iko palepale.

Malalamiko hayo hubeba mambo manne yasiyofanana, na kuyachanganya ndiko kunakomaliza siku za mafundi. Kuna mashine isiyo na mahali popote pa kubadilishia namba. Kuna inayoonyesha mahali, ikapokea namba mpya, kisha ikaipuuza. Kuna inayokubali kwa saa kadhaa au siku nzima, halafu ikarudi ilikotoka. Na kuna iliyokubali kikamilifu, ila mwenyewe anatazama kipimo kisichobadilika kamwe. Ya kwanza mara nyingi haina tiba, na ya mwisho haihitaji tiba yoyote. Kazi halisi ya uchunguzi iko katikati.

Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay karibu na mpaka wa Migori, inalifanya swali hili lionekane vizuri kwa sababu ya aina ya kompyuta zinazofika huko. Ni kituo kilichokua kuzunguka misheni ya Kikatoliki, chenye shule ya upili ya wasichana na chuo cha walimu vinavyojulikana kote Nyanza. Kama ilivyo katika masoko mengine ya kusini mwa Nyanza, mashine nyingi za saiba, za maabara za shule na za vijana wanaohariri video si mpya. Ni zile ziitwazo ex-UK: kompyuta zilizotumika katika ofisi za Ulaya, zikauzwa kwa jumla zilipotimiza umri wa kubadilishwa, zikaingia kwa kontena na kupita maduka ya Nairobi kama yale ya Luthuli Avenue kabla ya kusambazwa Kisii, Kisumu na Homa Bay. Majina yake yamezoeleka: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara na bei yake inaeleweka. Lakini ziliundwa kwa ajili ya idara za kompyuta za makampuni makubwa, watu ambao hawakutaka karani aguse mpangilio wowote, na nia hiyo ya mnunuzi wa kwanza inaendelea kumtawala mnunuzi wa tatu aliye Asumbi.

Kabla ya kutafuta kosa, lazima ijulikane kama lipo. Windows huonyesha kasi ya prosesa mahali pengi, na baadhi ya mahali hapo hapapimi kitu. Ukurasa wa taarifa za mfumo husoma jina lililohifadhiwa ndani ya chipu yenyewe. Kwa hiyo Core i5-2500K itaandikwa 3.30 hata inapopiga 4.5. Task Manager ina mistari miwili: kasi ya msingi, ambayo haibadiliki, na kasi ya sasa, ambayo hubadilika kila sekunde. Hata hii ya pili hupotosha ikisomwa wakati mashine imetulia, kwa sababu prosesa isiyo na kazi hujishusha ili kuokoa umeme. Zile za mezani za kizazi cha pili na cha tatu cha Intel Core hushuka hadi megahazi 1,600, na kuanzia cha nne hadi 800. Mtu aliyeweka gigahazi 4.2 akakuta 0.8 hajakataliwa chochote. Prosesa imepumzika tu.

Kipimo cha kuaminika huchukuliwa wakati kazi nzito inaendelea. CPU-Z huonyesha mpigo wa msingi na kizidisho kila kimoja peke yake, na HWiNFO huonyesha pia joto, wati na sababu iliyoifanya prosesa ipunguze kasi. Programu kama Cinebench au Prime95 huipa viini vyote kazi kwa wakati mmoja. Hata hivyo ushahidi ulio bora kuliko namba zote za kioo ni muda. Prosesa ikitoka 3.6 hadi 4.0 imeongezeka kwa asilimia 11. Kazi ya kuhesabu iliyochukua dakika 60 inapaswa kuisha kwa takriban dakika 54. Namba ikipanda na muda usipungue, ama kipimo kimekosea, ama kazi ile haikuwa ikiisubiri prosesa. Video inayosomwa kutoka diski ya zamani ya kuzunguka, ndani ya kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, huisubiri diski. Prosesa hata ikikimbia maradufu, nayo itasubiri.

Kipimo kikithibitisha kwamba kasi haijapanda, wa kwanza kuulizwa ni chipu yenyewe. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 Intel ilianza kufunga vizidisho. Sababu moja ilikuwa udanganyifu sokoni: wafanyabiashara walikuwa wakinunua prosesa za polepole, wakizifuta maandishi, na kuziuza kama za kasi. Waliopenda kuovakloki walihamia kwenye mpigo wa msingi, na kwa miaka kumi hivi njia hiyo ilitosha. Mlango huo ulijibana Januari 2011, kizazi cha pili cha Core kilipotoka, kile kiitwacho Sandy Bridge. Mpigo mmoja sasa uliongoza prosesa, njia ya PCI Express, SATA na USB kwa pamoja. Anayeuinua kutoka 100 hadi 105 mara nyingi hupita salama. Anayeupeleka 110 hukuta diski zinapotea au mashine haiwaki, si kwa sababu prosesa imeshindwa bali kwa sababu vifaa vingine vimeburutwa nayo.

Badala yake Intel iliuza chipu maalumu zenye vizidisho vilivyofunguliwa, zinazotambulika kwa herufi K mwishoni: i5-2500K, i7-3770K, i7-4790K. Zilizobaki zilifungwa, ingawa si zote kwa kiwango kimoja, na hapa ndipo ushauri wa zamani unapowapotosha watu leo. Katika kizazi cha pili na cha tatu, i5 na i7 zisizo na K ziliachiwa nafasi ya hatua nne juu ya Turbo, yaani kasi ya juu ambayo prosesa hujipandishia yenyewe inapopata kazi. Core i5-3470, ambayo Turbo yake hufika 3.6, iliweza kufikishwa 4.0 kwenye ubao mama ulioruhusu. Kizazi cha nne, Haswell cha 2013, kiliondoa nafasi hiyo kabisa. Mtu aliyefuata maelekezo ya i5-3470 akiwa na i5-4570 atahangaika bure, ijapokuwa majina yanafanana na kasi ya msingi ni ileile 3.2. Mwaka 2014 ilitoka chipu moja ya bei nafuu iliyofunguliwa, Pentium G3258, kuadhimisha miaka 20 ya jina Pentium. Isipokuwa hiyo, Pentium na Celeron za miaka hiyo zimefungwa.

Chipu iliyofunguliwa nayo haitoshi peke yake. Ubao mama una chipseti, na Intel huruhusu kizidisho kibadilishwe kwenye chipseti zenye herufi Z na zile za X za mashine kubwa, pamoja na P67 ya mwanzo. B, H na Q hazimo. Sasa zitazamwe zile kompyuta za ex-UK: OptiPlex 7010 ina Q77, OptiPlex 9020 ina Q87, na EliteDesk 800 G1 ina Q87. Q ni chipseti ya ofisi, iliyojaa vifaa vya kumwezesha msimamizi aiongoze mashine akiwa mbali, isiyo na ruhusa ya kuovakloki. Ndiyo maana i7-4770K iliyonunuliwa kwa bei ya juu na kuchomekwa ndani ya EliteDesk haipandi hata hatua moja juu ya Turbo yake ya kawaida. Hakuna kitu kilichoharibika hapo, na kufungua mashine mara nyingine hakutabadilisha jibu.

Kanuni hii imewahi kukiukwa, na kumbukumbu za ukiukaji huo bado zinawasumbua watu. Mwaka 2013 watengenezaji kadhaa wa bao mama walitoa BIOS, yaani programu-dhibiti ya ubao, zilizoruhusu chipu za K kuinuliwa hata kwenye chipseti za H na B. Mwishoni mwa 2015, baada ya kizazi cha sita, Skylake, kuutenga mpigo wa msingi na njia ya PCI Express, ASRock na wengine walitoa BIOS zilizoinua chipu zisizo na K kupitia mpigo huo. Intel ilijibu kwa maikrokodi mpya, yaani maagizo madogo yanayopakiwa ndani ya prosesa kila inapowashwa, na njia hizo zikafungwa. Maikrokodi haiji kwa BIOS peke yake. Windows nayo hubeba faili zake na kuzipakia wakati wa kuwaka. Kwa hiyo ubao uliokuwa ukiovakloki vizuri unaweza kuacha baada ya sasisho la kawaida, bila mtu yeyote kugusa BIOS. Dalili yake ni kwamba kasi inaonekana sawa ndani ya BIOS lakini hupotea Windows ikifunguka. Anayeona hivyo aangalie tarehe ya sasisho la mwisho kabla ya kuangalia kitu kingine.

Upande wa AMD hali ni nyepesi zaidi. Prosesa za Ryzen tangu 2017 karibu zote zimefunguliwa, na chipseti za B na X zinaruhusu, ila A320 hairuhusu. Mfano wa kinyume ni Ryzen 7 5800X3D ya 2022, ambayo kizidisho chake kilifungwa ili kuilinda kumbukumbu ya ziada iliyobandikwa juu ya chipu yenye viini vyake.

Ukuta wa chipu na chipseti ukishathibitishwa, swali lenye faida ni lile la kasi ipatikanayo bila kuuvunja. Kwenye OptiPlex 9020 au EliteDesk 800 G1, kutoka i5-4570 kwenda i7-4770 kunaleta nyuzi za kazi (threads) nane badala ya nne na Turbo ya 3.9 badala ya 3.6, kwenye soketi ileile ya LGA1150. Hata i7-4790K, BIOS ikiitambua, itafika 4.4 kwa Turbo yake yenyewe, bila ovakloki yoyote, na kiwango chake cha joto ni wati 88 dhidi ya 84 za i5. Kwa mhariri wa video wa Asumbi hilo ni ongezeko kubwa kuliko lile ambalo ovakloki ya kawaida ingempa. SSD na jozi ya RAM badala ya kipande kimoja ni bora zaidi tena. Fundi anayemweleza mteja hivi badala ya kumtoza kwa majaribio yasiyoweza kufaulu amemtendea haki.

Ubao ukiwa na ruhusa na chipu ikiwa imefunguliwa, sababu zinazofuata zimo ndani ya BIOS. Ya kwanza hushangaza wengi: Turbo Boost imezimwa. Maelekezo ya zamani yalisema Turbo izimwe kabla ya kuovakloki, na kwa mashine za kabla ya 2011 yalikuwa na maana. Tangu Sandy Bridge, kuinua kizidisho ni kuibadilisha Turbo yenyewe, kwa kuwa namba mpya inaandikwa mahali pa kikomo cha Turbo. Ikizimwa, prosesa hubaki kwenye kasi ya msingi, na namba 45 iliyoandikwa kwa uangalifu inakaa pale bila kazi. Kosa hilohilo huweza kufanywa kutoka Windows. Mpango wa umeme una kikomo cha juu cha prosesa, na kikiwekwa asilimia 99 badala ya 100, Turbo yote inakufa. Watu wengi hukiweka 99 ili laptopu isichemke, wanasahau, kisha miezi baadaye wanaitafuta kasi iliyopotea.

Ya pili ni namba iliyowekwa kwa kiini kimoja. Bao nyingi hutoa safu ya vizidisho: kiini kimoja kikifanya kazi, viwili, vitatu, vyote. Aliyeinua cha kwanza pekee ataona kasi mpya kwa kufumba na kufumbua tu, kwa maana Windows haiachi viini vingine vilale kwa muda mrefu. Ya tatu ni punguzo la kasi kwa AVX (maagizo ya hesabu nzito), lililoingia katika bao za miaka ya 2016 na 2017: prosesa ikipewa hesabu za aina hiyo hujishusha hatua kadhaa kwa makusudi. Anayepima kwa Prime95 ataiona 4.2, anayecheza mchezo ataiona 4.5, na wote wawili wako sahihi.

Jambo linalohitaji kukaziwa zaidi kwa mahali kama Asumbi ni betri ndogo ya ubao mama, ile duara ya CR2032 yenye volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio wakati hakuna umeme. Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani hupata umeme mdogo wa kusubiri hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo betri haiguswi. Katika ofisi ambako stima haipotei, betri inaweza kufa na kosa hilo likajificha kwa miaka. Mashine hiyohiyo ikifika soko ambako stima hukatika mara kwa mara, au ambako mwenye saiba huzima swichi ya ukutani kila jioni, kosa linajitokeza siku ya kwanza. Umeme unakatika, saa inakufa, na ubao ukigundua kwamba saa imepoteza nguvu hupakia mipangilio ya kiwanda. Ovakloki iliyokubali asubuhi haipo tena jioni. Ushahidi uko kwenye kona ya kioo: tarehe imerudi miaka mingi nyuma, na tovuti za eCitizen na KRA zinakataa kufunguka kwa sababu kivinjari hakiamini vyeti vyake vya usalama. Mtu akileta malalamiko hayo mawili kwa pamoja, kwamba kasi imeshuka na tovuti hazifunguki, betri ibadilishwe kabla ya kujadili kizidisho. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya kasha.

Stima inayokatika huleta tatizo la pili lililo gumu zaidi kulitambua. Bao za kuovakloki huhesabu mara zinaposhindwa kuwaka. Zikiona kwamba safari ya kuwaka haikukamilika, zinadhani kasi iliyowekwa ni kubwa mno, na zinarudi kwenye mpangilio salama, mara nyingi zikiwa na ujumbe wa onyo na mara nyingine kimya. Umeme ukirudi, ukapotea tena ndani ya sekunde chache, kisha ukarudi, ubao hauwezi kujua kwamba kosa ni la laini na si la prosesa. Fundi ataamini ovakloki haikuwa imara, atapunguza namba, na kesho yake litatokea lilelile. Namna ya kutofautisha ni kuiweka mashine kwenye UPS yenye betri nzima na kuirudishia namba ileile. Ikidumu, prosesa haina hatia. Namba ihifadhiwe pia kama wasifu ndani ya BIOS, jambo ambalo nyingi za bao hizo huruhusu, ili kuirudisha kusiwe kuandika upya kila kitu kwa kukumbuka.

Sasisho la BIOS nalo hufuta. Tangu 2024, baada ya prosesa za kizazi cha 13 na 14 za Intel kugundulika kuharibika kwa volteji ya kupita kiasi, watengenezaji wa bao walitoa BIOS zinazoanza na vikomo vya Intel vilivyo vikali kuliko vya awali. Aliyesasisha, na alipaswa kusasisha, akikuta kasi imeshuka ajue kwamba vikomo vya umeme vimerudishwa.

Wengine hawapiti BIOS. Hutumia programu ndani ya Windows: Intel Extreme Tuning Utility, Ryzen Master, au ThrottleStop kwa laptopu. Njia hii ina vizuizi vyake. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza shambulio waliloliita Plundervolt, lililotumia udhibiti wa volteji kutoka ndani ya mfumo kuiba siri zilizolindwa na prosesa. Intel na watengenezaji wa laptopu walijibu kwa BIOS zilizofunga udhibiti huo. Vitufe vya volteji vilivyogeuka kijivu katika laptopu iliyosasishwa baada ya hapo vimefungwa kwa sababu hiyo, na kusakinisha programu upya hakutavifungua. Katika Windows 11 kuna jambo jingine. Ulinzi unaotenga sehemu za mfumo ndani ya mashine pepe, ambao kompyuta nyingi mpya huja nao ukiwa umewashwa, huizuia programu kuandika moja kwa moja kwenye rejista za prosesa. Kuuzima kunawezekana, lakini kwa kompyuta ya saiba inayopokea nywila za wateja wa KRA na HELB kutwa nzima, ulinzi huo una thamani kuliko megahazi 300.

Na programu hizi husahau. Namba zinazoandikwa nazo hukaa hadi mashine izimwe, kisha hutegemea programu ijifungue yenyewe na kuziandika tena. Kuanzia Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kiamke haraka, na programu iliyotarajia kuanza upya huenda isitekeleze kazi yake. Uwashaji wa haraka ukiondolewa katika mipangilio ya umeme, matatizo mengi ya kasi inayoshika siku moja na kukosa siku nyingine hutoweka.

Baada ya ruhusa na mipangilio, linabaki swali la umeme na joto, ambako prosesa hukubali kisha hujirudi. Matumizi ya wati hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa mraba wa volteji. Ukiinua kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, wati huongezeka kwa takriban asilimia 33. Prosesa za Intel zina vikomo viwili vya umeme: kimoja cha muda mrefu na kingine cha juu zaidi kinachoruhusiwa kwa sekunde kadhaa. Mashine inayofikia 4.5 ikashuka hadi 3.9 nusu dakika baadaye, joto likiwa bado nyuzi 70, imegonga kikomo cha muda mrefu. Kiinuliwe, ikiwa pawasaplai na saketi za ubao zinaweza. Kasha dogo la ofisi lenye pawasaplai ya wati 240 na viunganishi vya kampuni yenyewe halikujengwa kwa hilo.

Joto likifika karibu nyuzi 100 prosesa hujipunguza yenyewe, mpangilio uwe wowote. Hapa mazingira yana uzito. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Asumbi iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni inayozunguka kwa mwendo uleule huondoa joto pungufu. Tofauti hiyo si kubwa, lakini inaongezwa juu ya mchana wa kanda ya ziwa, bati lisilo na dari, na vumbi la murram linaloziba mapezi ya kipozajoto. Mashine ya miaka kumi ina pia pesti ya joto iliyokauka kati ya prosesa na kipozajoto. Kusafisha kwa brashi na hewa, kuondoa pesti ya zamani na kupaka mpya kiasi cha punje ya mchele, mara nyingi hurudisha kasi ambayo mwenyewe aliitafuta kwa kizidisho.

Laptopu zina kisa chao, na katika masoko ya Kenya ni cha kawaida kuliko vyote. Chaja za Dell zina pini ya katikati inayoitambulisha chaja kwa laptopu. Chaja ya kuiga isiyo na kitambulisho hicho, au ya asili ambayo waya wa pini umekatika, huifanya laptopu isiamini umeme inaopewa. Haichaji betri, na huishusha prosesa hadi takriban 0.79 gigahazi na kuishikilia hapo, iwe ina kazi au haina. Hakuna namba ya kizidisho itakayoshinda amri hiyo. ThrottleStop ina alama ya kuiondoa, iitwayo BD PROCHOT, na mafundi wengi huitumia. Inafanya kazi, lakini inaondoa pia tahadhari ya kweli iwapo saketi za umeme zinachemka. Chaja sahihi ndiyo tiba. Katika kumbukumbu za matukio za Windows, tukio namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power husema waziwazi kwamba kasi inazuiwa na programu-dhibiti ya mashine. Linapojirudia, sababu iko nje ya mipangilio ya mtumiaji: chaja, joto au BIOS.

Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba kasi iliyopatikana imeshika. Kuwasha upya mara moja hakuthibitishi. Mashine izimwe, ichomolewe ukutani usiku mzima, iwashwe asubuhi ikiwa baridi, kisha ipewe kazi nzito kwa saa moja au mbili wakati wa joto la mchana. Baada ya hapo kumbukumbu za Windows zisomwe chini ya jina WHEA-Logger. Tukio namba 19 ni kosa la prosesa lililosahihishwa kabla halijaleta madhara, na namba 18 ni lile lisilosahihishika. Namba 19 ikionekana hata mara moja, kizidisho kishushwe hatua moja na jaribio lianze tena. Kumbukumbu zikiwa safi, tarehe ikiwa sahihi, kizidisho kikisomeka kilekile chini ya kazi na muda wa kazi ukiwa umepungua kwa kiasi kinacholingana na namba, ovakloki hiyo imekubali.